Leo nimeutambua ule mmea wa kando ya mto

Jamani, leo nimefurahi mno!

Tangu theluji iyeyuke hapa Ohio nimekuwa nikiuona mmea fulani kwenye msitu wa bondeni. Majani yamechanika laini kama ya karoti, vimaua vyeupe vidogo sana.

Ni cheveli-mwitu, Chaerophyllum procumbens, ukoo mmoja na karoti na giligilani.

Ukoo huu haufai kukisiwa. Conium maculatum, sumu inayoua mtu, nayo inaota huku huku. Shina lake halina vinyweleo, lina madoa ya zambarau, na likikomaa linampita mtu kimo.

Basi nikapiga magoti kwenye tope, lenzi mkononi. Mmea mfupi, shina jembamba. Kisha nikaviona vitunda.

Vyembamba, virefu kidogo, vimenenepa katikati, vina mistari iliyonyooka kutoka juu hadi chini. Vya Conium huwa vya mviringo, na mistari yake ina mawimbi.

Niliviangalia muda mrefu, moyo unanidunda. Mtu hapati furaha hii kila siku!

Sasa nasubiri vikauke. Nitamwaga mbegu mara moja chini ya mti uani, penye kivuli na unyevu. Huota majira ya vuli, hukaa na majani mabichi wakati wote wa baridi, huchanua theluji ikiisha, kisha hufa.

Mnaopanda giligilani na bizari, mbegu mnazimwaga papo hapo au mnaziweka kwanza? Na kuna aliyewahi kupanda mmea wa porini uani kwake? Niambieni hapa chini.