Hodi kwenye geti lisilo na mtu: nilivyojifunza kutembea Edale

Kwetu Lushoto mtu hakatizi uani kwa watu kimya kimya. Unapiga hodi, unasubiri, ukiitikiwa unapita. Usipoitikiwa unarudi ulikotoka. Ndiyo maana siku yangu ya kwanza Edale, kijiji cha milimani huku Uingereza, niliishia getini.

Nilikuwa na mwaka wa pili Sheffield, nikihudumia wazee kwa zamu za usiku, na Jumapili zangu zilikuwa za kulala na kufua. Mwenzangu mmoja kazini, mama wa makamo mzaliwa wa hapo hapo, akaniambia nipande treni ya Manchester, nishuke Edale, nitembee. Nikamuuliza natembea kwenda wapi. Akacheka: "Huendi popote. Unatembea tu." Mimi niliyepanda na kushuka Usambara na mzigo kichwani tangu utotoni, kutembea bila kutumwa lilikuwa jambo geni kabisa.

Safari yenyewe ni nusu saa na kidogo. Ukipita stesheni ya Dore treni inazama kwenye handaki la zaidi ya kilomita 5, na ukiibuka upande wa pili mji umeshaachwa nyuma: kondoo, kuta za mawe yaliyopangwa bila tone la saruji, milima yenye vipara. Kijiji ni kidogo. Kuna kanisa, shule na baa. Mbele ya mojawapo ya baa hizo, Old Nags Head, ndipo inapoanzia Pennine Way, njia ya miguu ya kilomita 431 inayoishia Kirk Yetholm, Uskoti.

Basi nikafuata kibao. Mshale wa njano ukaelekeza katikati ya shamba la mtu, na shambani mna ng'ombe kama ishirini. Kwetu ng'ombe hukaa bandani, nyasi anakatiwa na kuletewa. Hawa walikuwa huru, wakubwa, na wote wakanigeukia kwa pamoja. Mkono upo kwenye komeo la geti, mdomo ukanitoka: "Hodi!" Kwa Kiswahili. Najua ni kichekesho. Hakuna aliyeitikia, nikarudi stesheni kungoja treni, miguu mikavu na aibu tele.

Mwenzangu aliponisikia hakucheka safari hii. Akanieleza kwamba udongo ni wa mkulima, lakini ule mstari unaopita juu yake kisheria ni wa wapita njia wote, na mkulima hana ruhusa ya kuuziba. Mshale wa njano ni wa waendao kwa miguu. Wa bluu unaruhusu farasi na baiskeli pia. Ukikuta geti limefungwa, lifunge nyuma yako. Ukilikuta wazi, liache wazi, huenda kondoo wanategemea kupita hapo kufuata maji. Kuhusu ng'ombe: usikimbie, usipite kati ya mama na ndama, zunguka kwa mbali kisha urudi njiani. Na kama una mbwa na ng'ombe wakakujia mbio, mwachie mbwa, yeye atajiokoa.

Nikanunua ramani ya karatasi, ile ya Ordnance Survey, shirika la ramani la huku, yenye namba OL1. Ndiyo fedha niliyoitumia vizuri kuliko zote, kuliko hata viatu. Sentimita 4 juu yake ni kilomita 1 ardhini, njia za umma ni vistari vya kijani, na kila ukuta wa shamba umechorwa. Mwanzoni niliona kuta hizo zinajaza ramani bure. Baadaye nikagundua ndizo zinazokuambia upo wapi: ukihesabu kuta ulizovuka huwezi kupotea mashambani. Simu inasaidia, lakini chini ya milima ile mtandao huja na kuondoka upendavyo.

Wiki mbili baadaye nikalivuka lile shamba. Ng'ombe hawakuinua hata kichwa.

Kwa anayeanza, mimi ningemshauri aanze upande wa kusini, apande hadi Hollins Cross kisha afuate mgongo wa mlima mpaka Mam Tor, mita 517. Mgongoni kumetandikwa mawe, hupotei. Hollins Cross ilinigusa kuliko kilele. Kabla Edale haijawa na kanisa lake, wanakijiji walibeba maiti zao kupitia hapo kwenda kuzika upande wa pili. Nilisimama nikiwa nahema na mkoba wenye chupa ya chai tu, nikawaza jeneza, matope na mvua ya huku. Waliokuwa wakishika zamu mabegani nadhani ningewaelewa bila mkalimani.

Kinder Scout, uwanda wa juu upande wa pili wa kijiji, ni habari nyingine. Nilikwenda Septemba, kupitia Upper Booth na ngazi za mawe ziitwazo Jacob's Ladder. Kuna kanuni ya Mskoti mmoja, Naismith, ya mwaka 1892: hesabu saa moja kwa kila kilomita 5, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 unazopanda. Kufika Kinder Low, sehemu mojawapo ya juu ya uwanda huo, ni kilomita sita na ushee na kupanda kama mita 400, kwa hiyo saa mbili. Mimi zilinichukua tatu. Naismith hakuwa ametoka zamu ya usiku.

Juu nikakuta ukungu. Si ule wa asubuhi wa Lushoto unaopanda jua likitoka, huu ulikaa. Ardhi ya huko ni mboji nyeusi inayonyonya maji kama sifongo, na njia zinatawanyika kama vidole. Nilitembea robo saa nikaziona nyayo zangu mwenyewe. Hapo nikakaa chini, nikala mkate wangu wote, maana njaa hutoa maamuzi mabaya, kisha nikashika dira nikarudi kusini nilikotoka mpaka nikaona ukuta. Sijawahi kuufurahia ukuta namna ile. Tangu siku hiyo natembea na filimbi, mipulizo sita kila dakika ikiwa ndiyo ishara ya kuomba msaada, na kurunzi pia, kwa sababu Desemba jua linazama kabla hata ya saa kumi jioni.

Nyanda hizo za juu zilikuwa zimefungwa kwa watu wa kawaida, zikitunzwa kwa ajili ya matajiri kuwinda ndege. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya vijana, wengi wao wafanyakazi kutoka Manchester, walipanda kwa makusudi bila ruhusa wakitokea Hayfield, wakapambana na walinzi. Watano walifungwa, kati ya miezi miwili na sita. Eneo likawa hifadhi ya kwanza ya taifa Uingereza mwaka 1951, na sheria ya mwaka 2000 ndiyo iliyoruhusu kutembea huru kwenye nyanda kama hizi, hata nje ya njia. Kumbe hata wenyeji walipiga hodi, wakachoka kungoja.

Mwezi uliopita nilimpeleka dada mmoja wa Mombasa anayeishi Leicester. Alikuja na jinzi, nikamkataza, ikilowa haikauki. Akavaa suruali yangu ya mvua huku akinung'unika. Getini akasimama. "Shoga, hapa si kwa watu?" Nikamfungulia, akapita, nikafunga. Kwenye treni ya kurudi, buti zetu zikiwa ndani ya mfuko wa plastiki, aliichukua ramani akaitandaza mapajani na kuanza kufuata kwa kidole ile njia ya maiti, aone inatokea wapi.