Siku moja maishani mwangu: keshia wa benki, Kariakoo

Saa 11:30 alfajiri. Basi la mwendokasi la mapema ukilikosa pale Kimara, linalofuata utaingia kwa viwiko. Leo nimepata siti. Siti ya dirishani, tena! Semina zote za "huduma bora kwa mteja" nilizowahi kukalishwa hazijawahi kunipa moyo kama huu.

Saa 1:40. Kikao cha asubuhi, wote wima. Meneja anasoma malengo ya amana, kisha anawataja kwa majina waliobaki nyuma. Mimi nimepona. Jirani yangu wa dirisha la tatu, nimwite Neema ingawa si jina lake, katajwa mara mbili. Hakusema neno, lakini kiti alivyokivuta wote tulisikia.

Jioni nasoma shahada ya uzamili, na muhula huu tumepewa nadharia ya Howard Weiss na Russell Cropanzano ya mwaka 1996. Wanasema mazingira ya kazi yanamgusa mfanyakazi kupitia matukio ya kila siku: kusifiwa, kukaripiwa, mashine kugoma. Tukio linazua hisia, na hisia zikirundikana zinajenga mtazamo wake juu ya kazi. Halafu wanatenganisha vitu viwili. Kuna tabia za papo kwa papo zinazosukumwa na hisia, kama kumjibu mteja mkato. Kuna na maamuzi ya kukaa ukatafakari, kama kuandika barua ya kuacha kazi. Mhadhiri alipofika hapo nikamkumbuka Neema na barua yake, ambayo iko kwenye simu yake tangu mwaka jana na hajaituma.

Saa 2:30. Milango inafunguliwa. Wastaafu ndio wa kwanza. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, umeamkaje?" Wafanyabiashara wanafuata na mabulungutu yao kwenye mifuko ya rambo, mashine ya kuhesabia haipumui. Saa hizi kazi naipenda kweli.

Saa 4:10. Mtandao umekata.

Asiyewahi kukaa upande wetu wa kioo hajui maana ya maneno hayo mawili. Foleni imefika mlangoni, mfumo haufungui, na amri ni tusiondoke dirishani. Kila mtu anakuja kuuliza swali lile lile, nami najibu kwa sauti ile ile tamu. Kaka mmoja mwenye mzigo wake bandarini anapiga kaunta: "Nyie mmekaa kwenye kiyoyozi, hamjui shida za watu!" Natabasamu. Mwaka 1983 mwanasosholojia Arlie Hochschild aliandika juu ya wahudumu wa ndege ambao tabasamu lao ni sehemu ya kazi wanayolipwa. Angekuja Kariakoo mwisho wa mwezi angeongeza sura.

Mtandao unarudi baada ya nusu saa. Anayefuata ni mama mpole, hana kosa lolote, ila namhudumia kikavu: sahihi hapa, haya, anayefuata. Hasira za yule kaka kazilipa yeye. Ile tabia ya papo kwa papo ya darasani, ndiyo hiyo.

Katikati ya hayo imeingia imeili ya rasilimali watu: dodoso la mwaka, mwisho leo saa 11 jioni. "Umeridhika na kazi yako kwa kiasi gani? 1 hadi 5." Kidole kilikuwa kinaelekea 2. Nikafunga.

Saa 7:15 mchana. Wali maharage kwa mama ntilie wa nyuma ya jengo. Kaka wa dirisha la kwanza anamwigiza meneja mpaka Neema anacheka. Huyu kaka hata atukanwe vipi haimkai, na Weiss na mwenzake wanakubali kwamba hulka ya mtu ina nafasi yake. Sasa ningeweka 4. Mshahara ni ule ule wa saa 4.

Saa 10:00. Tumefunga, tunahesabu. Hesabu za Neema zimepungua 40,000. Kwetu pungufu analipa keshia mwenyewe, kwa hiyo hakuna aliyevaa mkoba. Tunapitia hati moja moja, tunarudia mabunda. Supavaiza anavua koti, anakaa chini naye. Imepatikana: hati moja iliingizwa tarakimu vibaya. Neema kamkumbatia supavaiza, jambo ambalo sijawahi kuliona humu ndani.

Nilitamani hilo lifute ya asubuhi, ila kwa nilivyosoma halifuti kirahisi. Miner, Glomb na Hulin, katika utafiti uliotoka 2005, waliwauliza wafanyakazi hali zao mara kadhaa kwa siku. Matukio mazuri yalikuwa mengi zaidi, lakini mabaya yaliyumbisha hali ya mtu kwa takriban mara tano kuliko mazuri. Meneja angeijua hesabu hii, ile orodha ya majina angeisomea ofisini kwake.

Saa 10:50. Nimeweka 3, maana lazima uweke kitu. Nguvu nimezipeleka kwenye kisanduku cha maoni. Nimeomba mtandao ukikata, mlinzi awaambie watu mlangoni kabla hawajapanga foleni. Pia keshia akishatukanwa apewe dakika 10 za kutoka dirishani. La pili najua halipiti.