Pole isiyo na "na"

Neno lenyewe lina herufi nne tu. Nimeambiwa Jumapili iliyopita dikoni Sahare, pale wavuvi wa Tanga wanapoweka vyombo vyao, saa kumi na mbili na robo asubuhi, na leo ni Jumamosi usiku bado limenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Haliui, halimezeki. Mama Zaina amenikataza kulitaja tena mezani, basi nalileta huku.

Kwanza, ndiyo, Silikanti nimeiuza. Mlionipigia simu kuuliza kama ni kweli, ni kweli. Bei sisemi kwa sababu kuna mtu ndani ya nyumba hii anasoma humu. Kwa wageni: Silikanti ilikuwa boti yangu ya faiba, futi 22, mashine ya farasi 40. Jina nililitoa kwa yule samaki ambaye wataalamu walidhani ametoweka zama na zama mpaka akanaswa Afrika Kusini mwaka 1938, na miaka ya 2000 akaanza kuingia kwenye jarife za wavuvi wa huku kwetu kama mgeni aliyekosea mlango, hadi 2009 Tanga ikapata hifadhi ya bahari yenye jina lake. Jina zuri, nililifikiria wiki nzima. Dikoni hawakulitumia hata siku moja. Walisema "ile ya bwana mizigo".

Ilikuwa na nguvu kuliko haja zangu. Habari za mgongo nilishaziandika Novemba, sizirudii. Ukifungua mkono wa mashine mpaka mwisho pua inapanda, mbele huoni, tumbo la boti linapiga mawimbi pa, pa, pa, na kila pa inaingia kiunoni. Saa moja ya mbio hizo, dumu la lita 20 limebaki sauti tu. Na nilikuwa nakwenda wapi? Nakwenda, nageuka, narudi. Nilikuwa nawahi mahali ambapo hakuna aliyenisubiri.

Sasa nina ngalawa. Nimeinunua kwa mtu wa Mwambani aliyeachana na bahari akafungua genge. Ni mwembe uliochongwa, mirengu yake miwili, ile miti inayotoka ubavuni, matengo mawili, zile mbao zinazoelea kwenye ncha zake, kamba za nailoni za rangi ya chungwa. Inanuka sifa, yale mafuta ya papa, hadi suruali zangu zimetengewa ndoo yao ya kufulia. Tanga lina viraka vitatu, kimoja kimetoka kwenye kiroba cha unga, na maandishi yanasomeka kutoka mbali: KILO 50. Watu wazima wawili mnaisukuma majini bila kumwita mtu. Silikanti ilihitaji vijana sita na hela ya chai.

Haya, Jumapili. Nimefika dikoni mapema makusudi, ili nisionwe na watu wengi siku ya kwanza. Aliyekuwepo ni Babu Demani peke yake, mnamjua, yule anayeshona matanga chini ya mkungu na sindano ameibana mdomoni.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Mashine imekufa?"

"Hapana babu, nimeiuza. Boti yote nimeuza."

Akaitoa sindano mdomoni. Akaitazama ngalawa, kuanzia omo mbele mpaka tezi nyuma, pasipo haraka.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo hii."

"Pole."

Basi. Akarudisha sindano mdomoni, akainamia tanga la watu.

Nilisukuma ngalawa nikaingia majini, na sikumbuki chochote cha bahari ya siku hiyo. Nakumbuka pole. Sisi pole tunaigawa kama maji. Mtu akijikwaa, pole. Akibeba ndoo, pole. Pole na kazi, pole na safari, pole na mvua, pole na foleni ya benki. Lakini pole hizo zina "na" mbele yake, hata isipotamkwa, na ile "na" ndiyo inayoipa kazi ya kufanya. Pole kavu, isiyo na "na", tunampa mgonjwa au aliyefiwa. Mimi sikuwa mgonjwa. Nimefiwa na nani?

Nilipofika karibu na Toten, kile kisiwa ambacho Wajerumani walituachia jina la wafu, nikaona kabisa mzee alikuwa ananizika.

Jioni ile nikamsimulia mama Zaina. Akasikiliza huku anachambua mchele.

"Kwani ulitaka akwambie nini?"

"Sijui."

"Ulitaka hongera."

Nikanyamaza.

"Baba Zaina. Mtu mzima wa miaka 48 unataka hongera ya ngalawa."

Ndiyo. Nilitaka hongera. Nilitaka mtu mmoja anayeijua bahari aseme, umefanya la maana. Jumatatu kazini nikawa najibu kimoyomoyo: "Babu, nimeitaka mwenyewe." Jumatano nikapata jibu bora zaidi: "Pole ya nini babu, nimepata." Alhamisi nikapata la tatu, lenye ukali kidogo, nikaona haya nikaliacha. Kati ya majibu hayo tumempeleka Zaina bweni Lushoto, ofisini mfumo umelala siku mbili na wateja wamenitukana kwa lugha tatu, na shemeji yangu ameoa mke wa pili bila kumwambia mtu. Nikipata nafasi nitayaandika.

Ijumaa usiku likanijia jingine, ambalo sikulipenda. Miaka minne nilikuwa nampita Babu Demani baharini. Zamani zile alikuwa bado anatoka na ngalawa yake, kabla macho hayajamzuia. Yeye anabisha, anakwenda huku na huku dhidi ya upepo, anakula upepo kidogo kidogo kuitafuta Sahare, mimi natokea nyuma na farasi zangu 40, nampungia mkono kama mbunge aliyetoka kushinda, napita. Sikuwahi kugeuka kuangalia mawimbi yangu yanamfanya nini. Sasa najua, maana jana asubuhi boti moja ya faiba imenipita hivyohivyo, na nimekaa nafua kwa kata maji yaliyoingia huku namlaani mtu aliyenipungia mkono kwa heshima zote.

Kwa hiyo ile pole yawezekana ilikuwa ya zamani. Aliiweka miaka minne. Au ni mimi ninayezidisha, mzee alikuwa anawaza uzi wake.

Leo nimekwenda na mwanangu Kidogo. Mama yake ametoa sharti la jaketi la kuelea, kalifunga mwenyewe mikanda yote mitatu, mtoto akatoka nyumbani anatembea kama kobe. Tumetoka na umande, ule upepo mwembamba wa alfajiri unaosukuma kutoka nchi kavu, polepole hata kunguru wa ufukweni wametupita. Kidogo akaanza kupiga miayo. "Baba, hii ndiyo mwendo wake?" Nikamwambia asubiri.

Saa tatu kaskazi ikaamka. Januari haichelewi. Kwanza maji yanabadilika rangi kwa mbali, yanakuwa meusi yenye mikunjo kama ngozi ya tembo, kisha unasikia tanga linapiga kofi moja, demani, ile kamba ya tanga, inakuvuta mkono. Tulikuwa tunavuka mdomo wa ghuba, Raskazoni nyuma yetu, upepo unatupiga ubavuni. Ngalawa ikaegemea. Tengo la upande wa upepo likatoka majini, likawa linaning'inia hewani linadondosha maji, matone yote nayaona. Ndani ya Silikanti ningepunguza moto na kumlaumu fundi.

"Nenda kakae nje!" nikamwambia Kidogo.

"Nje wapi?"

"Kwenye mrengu!"

Akanitazama kuona kama ni mzaha. Kisha akatambaa, jaketi lake la kobe limemkaa mgongoni, akakumbatia mrengu kwa miguu na mikono, akasogea mpaka karibu na mwisho. Tengo likashuka, likagusa maji, fyuu, likaanza kuchana. Kilo zake 31, ndizo zilizotunyoosha. Upepo ukizidi anasogea nje shubiri moja, ukipungua anarudi. Hakuna aliyemfundisha. Mimi nalegeza demani, navuta demani, yeye anakwenda anarudi, wimbi likimpiga usoni anatema chumvi na kucheka, na nikajisikia mimi pia nacheka, kwa sauti, mdomo wazi, mimi, ambaye kwenye picha ya harusi niliambiwa nitabasamu nikashindwa.

Halafu akawa anaongea. Kule nje, mrenguni, akanisimulia kisa kirefu cha mwalimu wao na mbuzi aliyeingia darasani, nami nilisikia kila neno. Miaka minne ndani ya Silikanti tuliongea kwa vidole.

Mwendo wetu sijui ulikuwa kiasi gani. Baiskeli ya muuza mikate pengine ingetupita. Lakini baiskeli hailali upande huku inaimba, na hii inaimba, ile nailoni ya mirengu inatoa mlio mwembamba upepo ukikaza.

Tumerudi saa sita kasoro na kaskazi mgongoni. Tulipokuwa tunashusha foromali, ule mti wa kubeba tanga, Babu Demani akaja na fimbo yake. Moyo ukaniruka, nikayapanga majibu yangu yote matatu mdomoni. Akalipita omo, akanipita mimi, akafika kwa Kidogo aliyekuwa amelowa mpaka kope.

"Pole na bahari, nahodha."

"Asante babu," akasema mtoto, kama mtu aliyezoea.

Mimi mzee hakunitazama. Alishika kamba ya mrengu wa mbele, akaivuta mara mbili, akatikisa kichwa, akaifungua akaifunga upya kwa fundo lake. Akaondoka. Mama Zaina anasema hilo ndilo jibu langu na sasa nimwache apumzike. Sijui. Kukufungia kamba si sawa na kukupa hongera.

Nilitaka kuishia hapo, lakini nimeinuka kutafuta chaja nikakuta kitu mfukoni mwa suruali ile ya ndoo. Ni kile kiboya cha funguo za Silikanti, cha rangi nyekundu, kinachoelea ukikiangusha majini. Ufunguo wa mashine nilimpa mnunuzi, kiboya nikabaki nacho. Jumanne alfajiri nilitia humo funguo za kufuli jipya la tranka la Zaina, zisije zikapotea safarini.

Zipo zote mbili.

Tranka lina sare zake, madaftari, sabuni, sweta, kila kitu. Nililifunga mwenyewe, nikalivuta kufuli kuhakikisha. Na juzi alipopiga kwa simu ya matroni nilimuuliza mambo yanakwendaje, akasema, "Kila kitu kipo sawa, baba." Sasa ni saa tano kasorobo usiku, naipiga ile namba, inaita mpaka inakata.