Nilivyoanza kusoma leseni za msimbo kwa ScanCode Workbench

ScanCode Toolkit ni programu huria inayopitia folda ya msimbo faili kwa faili, kisha inakutajia leseni, hakimiliki na vifurushi ilivyovikuta humo. Kazi hiyo inaiweza. Kinachochosha ni matokeo yake: faili ya JSON (maandishi ya data yaliyopangwa ili kompyuta iyasome) ndefu kupindukia, ambayo ukiifungua kwenye kihariri cha kawaida unaona mabano matupu. Nilikuwa nimepewa mradi uliojaa maktaba za watu wengine, yaani msimbo ulioandikwa tayari na wengine, natakiwa nieleze kila kipande kina leseni gani kabla mteja hajakabidhiwa. Ndipo nikaitafuta ScanCode Workbench, inayoyapanga matokeo hayo yakasomeka. Zamani iliitwa AboutCode Manager, kwa hiyo usishangae ukikuta maelezo yenye jina hilo.

Kuisakinisha hakuna hadithi. Unapakua toleo la mfumo wako, iwe Windows, macOS au Linux, unafungua, basi.

Penye kuhitaji umakini ni kwenye skani yenyewe. Workbench haichanganui msimbo; inaonyesha kile tu ulichokiomba kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia amri. Mimi niliomba hivi:

scancode -clpieu --json-pp matokeo.json mradi/

Herufi c ni hakimiliki, l ni leseni, p ni vifurushi, e na u ni barua pepe na viungo vya tovuti. Ile i huleta taarifa za faili: ukubwa, aina, lugha ya programu. Usiione ndogo ukaiacha, kwani ndiyo inayokusaidia kutenga msimbo na picha au faili nyingine zisizokuhusu. Mradi ukiwa mkubwa, ongeza -n na idadi ya michakato ili kazi iende sambamba.

Ndani ya Workbench nikachagua kuingiza JSON, nayo ikauliza iihifadhi wapi hifadhidata ya SQLite, yaani faili moja inayobeba matokeo yote. Faida yake unaiona safari ya pili: unafungua SQLite moja kwa moja, huna haja ya kuingiza upya.

Zipo chati za rangi, nami nilizipita mbio. Zinakwambia leseni ipi imezidi, lakini mimi nilitaka kujua iko wapi. Nilishinda kwenye mti wa folda ulio kushoto na jedwali lake. Ukibofya folda, jedwali linabaki na faili za folda hiyo tu. Nikaficha safu zote isipokuwa za leseni, nikaanza na folda ya maktaba za nje, maana huko ndiko mambo hujificha.

Humo nikakuta nakala ya zamani ya jQuery, maktaba ya JavaScript, imeandikwa mit OR gpl-2.0. MIT ni leseni yenye masharti mepesi; GPL hudai programu unayoisambaza ikiwa na msimbo wake nayo iwe chini ya GPL. Anayeona gpl peke yake anaweza kuandika ripoti ya kutisha watu. Lakini matoleo ya zamani ya jQuery yalitolewa chini ya leseni mbili, mtumiaji achague. Mwaka 2012 mradi ukabaki na MIT pekee. Kwa hiyo soma ile OR: unachukua MIT, unaendelea na safari. Ingekuwa AND, ningelazimika kutimiza masharti ya zote mbili.

Zilizonila muda zaidi ni zile zilizoandikwa unknown-license-reference. Mara nyingi chanzo ni sentensi moja tu, mathalani README (faili ya maelezo ya mradi) inayokuelekeza kwenye faili ya leseni bila kutaja ni leseni ipi. Nazo zenye alama za ulinganifu chini ya 100 sikuziamini hivi hivi, kwani maandishi yake hayakulingana kikamilifu na yale ScanCode inayoyajua. JSON inataja mstari wa kwanza na wa mwisho wa maandishi yaliyonaswa, hivyo nilifungua faili halisi nikaisoma kwa macho yangu.

Zilizobaki bila jibu niliziorodhesha, nikampelekea mwanasheria wetu pamoja na ile faili ya SQLite. Aliifungua kwenye Workbench yake bila kugusa terminali.