Weka Mkono Chini ya Sufu

Masomo ya juma: Mithali 27:23-27, Mwanzo 33:12-14

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Mithali 27 inatuagiza tufanye bidii kujua hali ya makundi yetu. Agizo hilo lingekuwa jepesi kama mnyama angesema anapoumwa. Alpaka, mnyama wa sufu wa jamii ya ngamia, hasemi. Asili yake ni vikunya wa milima ya Andes huko Amerika Kusini, mnyama anayewindwa, na anayewindwa akionyesha unyonge ndiye anayekamatwa wa kwanza. Kwa hiyo alpaka aliyejaa minyoo atasimama na wenzake, atatembea nao, atainamisha shingo malishoni kana kwamba anakula, mpaka siku miguu inapokataa. Juu ya hayo amevaa sufu. Manyoya ya miezi kumi yanatosha kabisa kuwafanya aliyekonda na aliyenona walingane machoni pa mtu aliyesimama langoni.

Ndiyo sababu siku ya kunyoa, mara moja kwa mwaka kabla ya joto kuanza, huwa na mshtuko katika mashamba mengi. Mashine inapita ubavuni, sufu inafunguka, na chini yake mbavu zinahesabika. Mnyama huyo hakukonda usiku wa jana. Alikuwa akikonda miezi mitatu, mbele ya watu waliomwona kila asubuhi na kusema anaendelea vizuri.

Hali ya alpaka hujulikana kwa mkono. Mwingizeni kwenye zizi dogo, mmoja amshike shingoni kwa upole, mwingine aweke kiganja juu ya uti wa mgongo, pale nyuma ya mbavu za mwisho, kidole gumba upande huu na vidole vinne upande ule. Penyeza vidole mpaka viguse ngozi. Ukipapasa juu juu unapima manyoya tu. Kutoka kwenye uti kwenda ubavuni nyama inapaswa kushuka moja kwa moja, kama paa lililoezekwa vizuri. Ikibonyea, amekonda. Ikituna, na uti wenyewe ukawa wa kutafutwa, amenenepa kupita kiasi, na hilo nalo ni tatizo hasa kwa jike unayetaka ashike mimba. Wafugaji huandika alama kuanzia 1 hadi 5, na 3 ndiyo inayotakiwa. Jike anayenyonyesha akishuka kidogo chini ya 3 ni kawaida. Akifika 2, asingoje juma lijalo.

Fanyeni hivyo kila baada ya majuma mawili na mwandike kwenye daftari, jina, tarehe na alama. Daftari halina mbwembwe, lakini mkono husahau. Mwenye mizani apime na uzito pia. Alpaka mzima huwa kati ya kilo 50 na 85, na akipoteza kilo nne ndani ya mwezi, kuna jambo.

Sasa amekonda, mfanye nini? Wengi hukimbilia chupa ya dawa ya minyoo, na mara nyingi wanakuwa wameruka hatua. Anzeni na mdomo. Alpaka hana meno ya mbele juu. Ana ufizi mgumu ambao meno ya chini hukutana nao ili kukata jani. Meno ya chini yakirefuka na kupita mbele ya ufizi huo, anavuta nyasi bila kuzikata, anashinda malishoni na kurudi na njaa. Baada ya mdomo, horini. Simameni kando dakika kumi wakati wa kulisha, bila kufanya kazi nyingine. Kila kundi lina jike mmoja anayetema mate na kuwafukuza wengine, na yule anayefukuzwa kila siku ndiye mara nyingi mnakuta uti wake umechongoka. Dawa yake ni kuongeza hori la pili na la tatu, mbalimbali, kiasi kwamba mkali hawezi kuyalinda yote. Pimeni na chakula chenyewe: alpaka anahitaji malisho makavu ya kiasi cha asilimia 1.5 hadi 2 ya uzito wake kwa siku, yaani mwenye kilo 65 apate kilo moja hadi 1.3, mbali na zinazomwagika na kukanyagwa.

Hapo ndipo tunafika kwenye minyoo. Mnyoo mbaya zaidi ni ule unaofyonza damu tumboni. Hauleti kuhara kila mara, kwa hiyo kinyesi kizuri kisiwadanganye. Fungueni kope la chini mtazame utando wa ndani: wekundu ni salama, waridi iliyofifia ni onyo, weupe ni hatari ya kupoteza mnyama ndani ya siku chache. Kisha chukueni kinyesi kipimwe idadi ya mayai. Alpaka hutumia choo kimoja kwa pamoja, tabia nzuri sana kwa usafi wa malisho lakini ya kutatiza kwa kipimo, maana ukiokota tu kwenye lundo hujui ni cha nani. Mvizieni anapokwenda, okoteni kikiwa na joto, wekeni mahali pa baridi, kifike kwa mpimaji siku hiyo au kesho yake. Dozi itolewe kwa uzito uliopimwa na kwa maelekezo ya daktari wa mifugo, kwa sababu kipimo kinachofaa kondoo mara nyingi hakimtoshi alpaka, na dozi pungufu huua minyoo dhaifu na kuacha ile sugu izaane. Baada ya siku 10 hadi 14 pimeni tena. Mayai yasipopungua kwa kiasi kikubwa, dawa hiyo imeshindwa shambani kwenu, hata kama ni ya bei gani.

Tumekaa sana kwenye jambo hili kwa makusudi. Kujua hali ya kundi, kama Mithali inavyodai, kunaanza na kope lililofunguliwa na kinyesi kilichookotwa. Mwenye kuomba Mungu ayabariki malisho yake huku hajagusa mgongo wa mnyama tangu siku ya kunyoa, anaomba asamehewe kazi aliyopewa.

Nyumbani nako kuna sufu. Tunaulizana habari na jibu ni nzuri, kila siku nzuri, na mama anayekonda rohoni anapika, anacheka, anaimba kwaya. Kijana anakaa mezani na wenzake, anainamisha kichwa kama anakula. Kwa hao hakuna mizani, lakini kuna muda na kuna mikono. Kucha za alpaka hukatwa kila baada ya miezi miwili au mitatu, na kazi hiyo inataka watu wawili: mmoja anashika kichwa, mwingine anainama na mkasi. Kijana anayeulizwa uso kwa uso hufunga mdomo. Akiwa ameshika shingo ya mnyama, mzazi ameinama chini anashughulika na kucha ya nyuma, maneno hutoka. Mzazi mwenye busara hatainua kichwa haraka, na kucha zikiisha ataona kuna wanyama wengine wawili wanaohitaji kuangaliwa.

Somo la pili linatupeleka kwa Yakobo. Esau anataka wasafiri pamoja, kwa mwendo wa wanaume 400. Yakobo anakataa kwa adabu: watoto ni wadogo, kundi linanyonyesha, likiendeshwa kwa nguvu siku moja tu litakufa lote. Yeye atakwenda polepole, kwa mwendo wa wanyama walio mbele yake na kwa mwendo wa watoto. Tuna mengi ya kusema juu ya Yakobo na hila zake, ila kwenye ufugaji alijua alilokuwa akisema.

Familia yenye alpaka na watoto inaishi na mstari huo. Alpaka hakimbizwi. Akikimbizwa mara mbili, mara ya tatu anaanza kukimbia akiona tu hatamu mkononi. Watu wawili watatu washike kamba ndefu iliyonyooshwa usawa wa kifua, watembee taratibu, kundi lote liingie kwenye zizi dogo la kama mita tatu kwa tatu. Mmoja peke yake anapotengwa hupiga kelele na kuruka. Mtoto mdogo apewe kazi ya kuhesabu na kuangalia maji kama ni safi. Mwenye miaka kumi anaweza reki na toroli la samadi. Wote wafundishwe kutosimama nyuma ya miguu, kwani teke la alpaka halivunji mfupa kirahisi lakini linatosha kumfanya mtoto aichukie kazi.

Kuna jambo moja ambalo huruma ya watoto hulikosea, na wazazi hulikosea pamoja nao. Ndama dume aliyekosa maziwa ya mama akalelewa kwa chupa, akabebwa, akakumbatiwa, akaachwa azurure uani na watoto, hukua akiamini kwamba watu ni alpaka wenzake. Akiwa mdogo inapendeza. Akifikia utu uzima, kwenye miaka miwili au mitatu, anawatendea watu kama dume anavyomtendea dume mpinzani: anagonga kwa kifua, anauma, anaangusha. Kumhasi wakati huo hakusaidii vya kutosha, na wengi wa namna hiyo mwisho wao si mzuri. Anayelazimika kunyweshwa chupa anyweshwe akiwa ndani ya kundi, bila maneno mengi wala kukumbatiwa, na mwenye kumnywesha aondoke chupa ikiisha. Watoto wataona ni ukatili. Waelezeni ukweli wote, pamoja na mwisho wake, maana mtoto anayejua sababu huweza kujizuia. Mzazi anayempa mtoto wake kila anacholilia asome aya hii mara mbili.

Kuzaa kwa alpaka ni zawadi kwa familia, kwa sababu karibu kila mara hutokea mchana, kati ya asubuhi na alasiri, ndama akauke kabla ya baridi ya usiku. Mimba huchukua kama miezi 11 na nusu, na ndama ni mmoja. Mapacha ni nadra mno. Inayotangulia ni pua na miguu miwili ya mbele. Mkiona mguu mmoja, au mkia, au nusu saa ya kusukuma imepita bila hatua yoyote, piga simu kwa daktari wa mifugo badala ya kuvuta. Mama hamlambi mtoto wake; humnusa na kumgunia kwa sauti ya chini. Kukiwa na baridi au mvua mkausheni kwa taulo, mchovye kitovu kwenye dawa aliyoelekeza daktari, kisha ondokeni. Familia nzima ikizunguka jike wa uzazi wa kwanza kwa furaha, ndama hapati nafasi ya kulitafuta titi.

Ndani ya saa mbili anapaswa kuwa amesimama, na ndani ya saa nne awe amenyonya dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama. Utumbo wake hupokea kinga ya mama kwa saa chache tu, na baada ya siku moja mlango huo umefungwa. Kiasi kinachotakiwa katika siku hiyo ya kwanza ni asilimia 10 ya uzito wake: ndama wa kilo 7 anahitaji mililita 700, kidogo kidogo. Wekeni akiba ya dang'a ya mbuzi au ng'ombe kwenye friza, na mkiiyeyusha tumieni maji ya uvuguvugu, maana moto huharibu kinga mliyokuwa mkiitafuta. Mpimeni kila siku saa ile ile. Siku ya kwanza anaweza kupungua kidogo. Baada ya hapo aongeze gramu 100 au zaidi kwa siku. Akipungua siku mbili mfululizo, hanyonyi, hata kama mnamwona chini ya mama muda wote. Kuwa chini ya mama si kunyonya.

Kuhusu kuhudumia wanyama siku ya Jumapili, maana huulizwa kama inafaa: Bwana mwenyewe, katika Luka 13:15, alisema kila mtu humfungua ng'ombe wake siku ya sabato akamnyweshe, na hakulaumu. Maji, nyasi, kuhesabu, kutazama. Samadi, kucha na daftari vingoje. Mkijaza hori na mapipa Jumamosi jioni, kazi ya Jumapili haizidi nusu saa na hakuna sababu ya mmoja kubaki nyumbani kila juma. Huyo anayebaki kila juma, kwa kawaida ni yule yule.

Na ndama wengine hufa. Hufa baada ya dang'a, baada ya taulo, baada ya maombi ya watoto wakiwa wamepiga magoti kwenye nyasi kavu. Msiwaambie watoto kwamba imani yao ilipungua, wala kwamba alikuwa mnyama tu. Kitabu cha Yona kinaishia na Mungu mwenyewe akitaja, pamoja na watu wa Ninawi wasiojua kulia na kushoto, wanyama wengi waliokuwamo. Waacheni watoto walie, wasaidie kuzika kama wanataka, na jike aachwe akae na mzoga muda fulani, kwa sababu ukiondolewa upesi ataendelea kuita na kutafuta. Kisha mkague maziwa yake, titi likijaa sana na kuwa na joto linahitaji daktari.

Juma hili tuwaombee walio na majike karibu na kuzaa, na wajane wanaoendesha zizi peke yao. Tuombee nyumba ambazo kijana ameacha kusema. Jumamosi, kabla ya kujaza mapipa, kila nyumba ishike migongo ya wanyama wote, hata wa yule dume mkali anayeachwa kila mara, na daftari lisomwe kwa sauti mezani pamoja na Mithali 27.