Machicha ya Hopsi

Usiku ule wa kujaza chupa nilikuwa peke yangu jikoni, nimepiga magoti sakafuni, mpira wa kunyonyea bia mkononi. Ndoo ya lita 20 ilikuwa juu ya meza. Chupa ya kwanza ikajaa, ya pili, ya tatu. Ya nne haikufika nusu. Mpira ulikoroma, ukatema mapovu mawili matatu, ukanyamaza. Nilipouchomoa na kuuinua kwenye taa, niliona umejaa tope la kijani, zito kama majani yaliyotwangwa.

Siku nne kabla yake nilikuwa nimetia gramu 80 za vidonge vya hopsi, maua yanayoipa bia uchungu na harufu, kwenye bia iliyokwisha kuchacha. Ilikuwa Cascade, aina iliyotolewa kwa wakulima wa Marekani mwaka 1972 baada ya kuzalishwa huko Oregon, na harufu yake ya balungi ndiyo iliyonivuta kwenye kazi hii tangu mwanzo. Hopsi ikichemshwa inaacha uchungu wake, lakini mafuta yake yenye harufu yanapaa na mvuke. Ndiyo sababu wapikaji huongeza nyingine mwishoni, bila moto. Hilo nililijua. Nilichokuwa sijakifikiria ni kwamba vile vidonge ni maua yaliyosagwa na kushindiliwa tu: vikilowa, vinafumuka na kurudi unga. Nami nilivimwaga wazi ndani ya ndoo, nikainama pale juu nikinusa kwa muda mrefu, nimeridhika kabisa.

Sasa unga ule ulikuwa umetanda kila mahali. Nikachukua chujio la jikoni, nikalichovya kwenye dawa ya kuua vijidudu, nikainua ndoo na kuanza kumimina. Bia ilishuka kwa kishindo kwenye ndoo ya pili, ikaumuka povu. Baada ya kama lita moja chujio likaziba. Nikalisuuza, nikamimina tena. Likaziba tena. Ilinichukua karibu saa nzima, na nilipomaliza nilijaza chupa nikiamini nimeiokoa bia yangu.

Wiki mbili baadaye alikuja dada yangu, ambaye ndiye aliyenifundisha kupika bia. Nilimpa heshima ya chupa ya kwanza. Aliiinua kwenye mwanga, akaona chembe za kijani zikielea shingoni, akasogea kwenye sinki kabla ya kuifungua. Kizibo kilipotoka tu, bia ikaruka. Nusu ya chupa ilikwenda na maji. Kila chembe ya hopsi, aliniambia, ni mahali ambapo gesi inapata pa kushika na kugeuka povu, na mle ndani zilikuwa maelfu.

Kilichoniuma zaidi kilikuwa kile kilichobaki kwenye glasi. Bia iliyokuwa na rangi ya dhahabu ilikuwa imegeuka hudhurungi, na pale nilipotarajia balungi palinuka boksi lililolowa.

"Uliichuja?" akauliza.

"Niliichuja, Dada."

"Kwa kumimina?"

Nikanyamaza. Akaweka glasi chini. "Mdogo wangu, hewa ndiyo iliyokula harufu yako. Bia yenye hopsi nyingi haivumilii hewa hata kidogo. Usiichuje. Itulize."

Bia iliyofuata tuliipika pamoja. Alichemsha mfuko wa wavu kwa dakika 10, akatia gololi za kioo ili uzame, kisha hopsi, akaufunga juu kabisa na kuacha nafasi kubwa ndani. Mimi ningeubana. Ukibanwa, alisema, hopsi inavimba, katikati inabaki kavu na harufu inafungiwa humo humo. Tuliuzamisha siku tatu. Halafu tukapima kwa haidromita, kifaa kinachoonyesha sukari iliyobaki kwenye bia, siku mbili mfululizo, namba isitikisike, kwa kuwa hopsi yenyewe ina vimeng'enya vinavyokatakata sukari ambayo hamira ilishindwa kuila, na hamira inaweza kuamka upya ndani ya chupa. Wanakemia Brown na Morris waliliandika jambo hilo huko Uingereza mwaka 1893, na Dada analitaja kama vile liliandikwa juzi.

Kisha ndoo ikaingia kwenye friji, nyuzi joto 2, kwa siku mbili. Bia ikipoa inasinyaa na kuvuta hewa ya nje, kwa hiyo kwenye tundu la kifuniko tulifunga puto tulilokuwa tumelijaza gesi ya bia ile ile wakati hamira ilipokuwa bado inafanya kazi kwa nguvu. Nilikuwa nikifungua friji kila baada ya saa chache kulitazama puto likinywea polepole. Bado naona ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuviona kwenye kazi hii.

Siku ya kujaza chupa hatukuitikisa ndoo. Dada alifunga kipande cha wavu kwenye ncha ya mpira, akaishikilia juu kidogo ya mashapo, na mpira ukafika hadi chini ya kila chupa ili bia ipande bila kurukaruka. Chupa zikajaa moja baada ya nyingine. Mwishoni ilibaki kama lita moja, juu yake angavu, chini utepe wa kijani umelala. Nikashika ukingo wa ndoo ili niiinamishe.

Dada akaweka mkono wake juu ya wangu. "Hiyo iache."

Nikauchomoa mpira.