Kumbukumbu ya mradi wangu: Forodhani ndani ya Minecraft, na enchanti nilizochagua kwa kazi ya baharini

Asalaam alaykum. Kwa asiyeujua mradi wenyewe: naijenga Forodhani ya Mji Mkongwe, Unguja, kwenye Minecraft (mchezo wa kompyuta wa kujenga kwa matofali, ndo block) toleo la Java, survival tupu (kila kitu unakitafuta mwenyewe na unaweza kufa), kuanzia Ngome Kongwe mpaka Beit el Ajaib pamoja na ukuta wa bahari wote. Wazo lilinijia baada ya upande mmoja wa Beit el Ajaib kuporomoka Desemba 2020. Jumba lile Seyyid Barghash kalijenga 1883 na mie nimekua napita mbele yake nikienda skuli, siku ilipoanguka nlikosa hata hamu ya kula, nkasema basi mie ntaisimamisha nzima pahala, hata kama pahala penyewe ni laptop ya mtumba. Nacheza na bwana mdogo, mtoto wa mama mdogo, tunawasha hotspot ya simu tunaingia lan pamoja.

Mara hii sitozungumzia ujenzi sana, ntazungumzia enchanti, yani zile nguvu za ziada unazotia kwenye zana na nguo, mana ndo iliyotukwamisha karibu mwezi mzima.

Wiki ya kwanza, tulipoamua

Msingi wa ukuta wa bahari uko chini ya maji, block 9 kwenda chini. Tulikuwa na sururu za almasi tupu tukijiona tushafika. Kumbe wapi. Kichwa kikiwa ndani ya maji kasi ya kuchimba inashuka mara 5, na kama unaelea hujakanyaga chini inashuka mara 5 nyengine juu ya hiyo, na pumzi ni sekunde 15 tu. Kwa hiyo kazi ikawa unazama, unagonga block mbili tatu, vipovu vinaisha, unapanda, unavuta pumzi, unazama tena. Usiku wa kwanza saa nzima tumetoa block 40 hivi. Bwana mdogo akanambia "kaka, hivi tutamaliza nshaoa", nkaona kweli hapa bila enchanti hatufiki.

Na hapa ndo nataka kusema kitu, mana kila unayemuuliza enchanti gani bora anaanza na upanga, Sharpness V, Looting III, Fire Aspect (ile namba ya Kirumi ni daraja la enchanti), orodha ile ile. Ile ni orodha ya mtu anayepigana. Sisi kazi yetu ni kujenga baharini, kwa hiyo kitu cha kwanza kwetu kikawa kofia, cha pili buti, cha tatu sururu, upanga ukaja mwisho kabisa. Angalia kwanza siku yako unaimalizia wapi kwenye mchezo, hapo utajua almasi na levo zako (zinapanda kwa XP, alama za uzoefu, na ndo unazolipia enchanti) zianzie wapi.

Meza na mashelfu

Hapa ntapita haraka, wengi mnajua. Meza ya kutilia enchanti ni obsidiani 4, almasi 2 na kitabu 1, ila peke yake haikupi kitu cha maana, lazima uizungushie mashelfu 15 ya vitabu na uache block moja ya hewa katikati. Mashelfu 15 ni vitabu 45, yani ngozi 45 na karatasi 135, kwa hiyo tulifuga ng'ombe na tukapanda miwa pembeni ya mto mstari mrefu kweli. Levo 30 kutoka sifuri ni XP 1395, lakini ukienchanti kwa lile chaguo la chini kabisa la meza inakula levo 3 tu na lapis 3, kutoka 27 kurudi 30 ni XP 306, si kitu.

Mending (enchanti inayoitengeneza zana kwa XP) lakini haitoki kwenye meza. Hata ukae hapo mwaka. Hiyo unaipata kwa kuvua, kwenye masanduku, au kwa mkutubi, mwanakijiji anayeuza vitabu.

Mkutubi

Kuvua tulijaribu siku mbili. Fimbo yenye Luck of the Sea III inapandisha nafasi ya hazina kutoka asilimia 5 mpaka 11 na kitu, na lazima uvulie kwenye maji ya wazi, block 5 kwa 5 kuzunguka chelezo, bila hivyo hazina huioni. Tulipata tandiko, upinde mbovu, na vitabu viwili vya hovyo. Bwana mdogo akachoka, mie pia.

Tukaenda kijijini. Unamchukua mwanakijiji asiye na kazi, unamuwekea lektani mbele yake (ile ya kuwekea kitabu, kama marufaa ya msahafu), anakuwa mkutubi, unaangalia anauza kitabu gani. Hukukipenda unavunja lektani, anarudi kuwa hana kazi, unaiweka tena, anakuja na kitabu chengine. Umeme ulikuwa umekatika, laptop ina asilimia 31, nimekaa barazani na shoka mkononi, weka, angalia, vunja. Bane of Arthropods. Vunja. Thorns I. Vunja. Knockback. Vunja. Nlikuwa napiga alama kwenye karatasi, alama ya 63 ndo Mending ikatokea, zumaridi 28 (zumaridi ndo pesa za wanakijiji). Nlipiga ukelele mpaka bi mkubwa akatoka ndani kuuliza kuna nini.

Hapo usifanye haraka lakini usichelewe pia: nunua kitu chochote kwake au hata muuzie karatasi tu, akishafanya biashara moja na wewe kile kitabu hakibadiliki tena. Karatasi 24 anakupa zumaridi 1, kwa hiyo Mending moja ya zumaridi 28 ni karatasi 672. Ndo mana nikasema mstari wa miwa uwe mrefu. Tukawa na wakutubi watano mwisho wa wiki: Mending, Efficiency V (kuchimba haraka), Unbreaking III (zana idumu), Fortune III (madini yatoke mengi zaidi), na mmoja wa Silk Touch (block itoke nzima kama ilivyo) kwa zumaridi 14.

Fuawe, pahala nilipoumia

Sururu yangu ya mwanzo nliipenda, nshaichimbia almasi zangu zote. Ilipokuwa inakaribia kuvunjika nkaipeleka kwenye fuawe nkaitengeneza kwa almasi. Mara tatu. Vitabu vilipopatikana nkavitia kimoja kimoja, kwanza Unbreaking, halafu Fortune, halafu Efficiency, ile ya Efficiency ikanila levo 36 na mie nkalipa tu nikijua bado kimoja. Natia Mending, maandishi mekundu, ghali mno. Haikubali.

Nlikaa nkatafuta kwa nini, na sasa naelewa. Kila kitu kinachopita kwenye fuawe kinabeba deni, mara ya kwanza halina, ya pili levo 1, kisha 3, kisha 7, 15, 31, 63. Yale matengenezo yangu matatu ya almasi yote yalihesabiwa. Na kwenye survival fuawe haifanyi kazi yoyote inayozidi levo 39. Kwa hiyo Mending ya levo 2 nliyoitia mwisho ilikutana na deni la 63, basi imekwisha.

Dawa yake ni kuunganisha vitabu vyenyewe kwa vyenyewe kabla havijagusa sururu. Nliichukua ile ile sururu nkaipitisha kwenye jiwe la kunolea, enchanti zote zikatoka na deni likafutika. Halafu nkafanya hivi: Efficiency V kushoto na Unbreaking III kulia, levo 3. Fortune III kushoto na Mending kulia, levo 2. Vile viwili nkaviunganisha, levo 10, kikawa kitabu kimoja chenye vitu vinne. Kitabu hicho kwenye sururu, levo 19. Jumla levo 34 kwa enchanti zote nne! Na mie kitabu kimoja tu kilikuwa kishanila 36. Kumbuka kilichoko upande wa kulia ndo unacholipia enchanti zake, kwa hiyo kile kizito kiweke kushoto. Hii hesabu niliiandika kwa kalamu nyuma ya daftari la hesabu za duka na bado iko, kila tukitengeneza kitu kipya naifungua.

Kofia na buti

Kofia: Respiration III, Aqua Affinity, Protection IV, Unbreaking III, Mending. Respiration III inaongeza sekunde 45 juu ya zile 15, Aqua Affinity inaondoa ile adhabu ya kwanza ya kuchimba majini. Mara ya kwanza kuzama na kofia hii nlisimama chini kabisa kwenye mchanga nkaangalia juu, jua linapita kwenye maji, samaki wanapita, na sina haraka. Nlichimba mtaro wote wa upande wa Ngome usiku mmoja. Wallahi ni mchezo mwengine.

Buti: Depth Strider III, hakuna mjadala, unatembea majini kama nchi kavu. Frost Walker haikai pamoja nayo, na mtu anayejenga baharini hana kazi ya kugandisha maji. Juu yake Feather Falling IV, na hii tuliitia kwa sababu ya bwana mdogo. Alikuwa juu ya mnara wa saa anapanga nguzo, hajavaa chochote, akakanyaga ukingo akaenda chini. Block 23 zinatosha kumuua mtu mwenye roho zote na mnara unazidi hapo. Vitu vyake vikamwagika nusu nchi kavu nusu baharini na vinakaa dakika 5 tu, tulikimbia wote wawili tukaokota vingi ila shoka lake likapotea. Ukivaa Protection IV mwili mzima na Feather Falling IV, maumivu ya kuanguka yanapungua asilimia 80. Sasa haruhusiwi kupanda bila ya buti, nshamwambia.

Thorns (inayomchoma anayekupiga) hatutii popote, inakula nguo yako mwenyewe kila ikifanya kazi.

Matumbawe

Hii ndo sehemu nliyoipenda kuliko zote. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa jiwe la matumbawe na chokaa, na dari zake ni boriti za mikoko. Mikoko iliingia kwenye mchezo 2022, kwa hiyo boriti tunazo, shoka la Efficiency V linaangusha msitu mzima mchana mmoja. Matumbawe yapo kwenye bahari ya joto. Mie nkajua lazima niwe na Silk Touch, mana bila yake ukigonga tumbawe hulipati likiwa hai, ndo nkanunua kile kitabu cha zumaridi 14.

Tukabeba matumbawe hai, ya rangi rangi, ya waridi, ya njano, ya buluu. Nkayapanga ukuta wa kwanza wa Beit el Ajaib nchi kavu. Baada ya muda mfupi tu yanaanza kufa moja moja, rangi inatoka, yanakuwa kijivu. Bwana mdogo akasikitika. Mie nkasogea karibu kabisa na ukuta, yale yaliyokufa yana vishimo vidogo vidogo na mistari, kijivu cha kufifia, na nikaona ndio! Ndo ukuta wenyewe, kama ule wa uchochoroni kwetu pale chokaa ilipobanduka, jiwe lile lile. Nyumba zetu zenyewe ni matumbawe ya zamani yaliyogeuka mawe, hakuna ukuta wa matumbawe hai.

Kwa hiyo Silk Touch hatuihitaji kwa ukuta, sururu yoyote ukigonga nayo tumbawe hai unapata lililokufa moja kwa moja. Tukarudi na sururu za Fortune tukajaza masanduku. Ya Silk Touch tumeibakisha kwa vioo tu, mana ukikosea kuweka kioo na huna Silk Touch kinavunjika kinapotea, na Fortune na Silk Touch hazikai kwenye sururu moja, lazima uwe nazo mbili.

Fortune nayo ina kazi yake, nguzo za Beit el Ajaib ni za chuma na mie nataka block za chuma kweli, block moja ni vipande 9. Fortune III kwa wastani inatoa zaidi ya viwili kwa kila jiwe la chuma, bila hiyo nguzo zingebaki kuwa ndoto.

Upanga

Smite V. Tunaokutana nao kila siku ni mazombi ya majini, Smite V inaongeza 12.5 juu ya pigo kwa wafu wote, Sharpness V inaongeza 3. Mapigo mawili anakwenda. Na kila zombi ni XP 5, kila XP 1 kwenye Mending inairudishia zana uzima 2, kwa hiyo wanaotusumbua ndo wanaotutengenezea sururu. Sururu tunaishika mkononi wakati XP zinaingia, basi.

Tulipofika leo

Ukuta wa bahari umekwisha upande wa Ngome. Beit el Ajaib ina ghorofa ya kwanza nzima, nguzo 11 zimesimama, chokaa nafanya kwa zege nyeupe ila ile kona ya nyuma nimeiacha matumbawe wazi. Sururu yangu ina uzima 1204 kati ya 1561 na haijarudi kwenye fuawe tangu siku ile. Kesho bwana mdogo akitoka chuoni tunarudi bahari ya joto, bado masanduku mawili ya matumbawe kwa ghorofa ya pili, na ana shoka jipya la kulijaribu kwenye mikoko.